Shajara ya mradi: kuvinjari folda na printa kati ya vikoa viwili vyenye ukuta wa moto katikati

Tulikoanzia

Vikoa ni viwili vya Active Directory (saraka ya Windows ya watumiaji na kompyuta), kila kimoja na msitu wake (kundi la vikoa lenye saraka moja): alfa.test kwenye 10.10.0.0/16 na beta.test kwenye 10.20.0.0/16. Misitu hii inaaminiana pande zote mbili. Katikati kuna ukuta wa moto unaofuatilia hali ya kila muunganisho, na njia ya kwenda BETA inapita ndani ya handaki la IPsec (njia iliyosimbwa). Majina na anwani za humu ni za mfano, zimewekwa ili amri zisomeke. Mpangilio wenyewe ni huo huo.

Tatizo limeletwa kwa sentensi moja: "Seva za BETA hazionekani." Ukiichambua unakuta malalamiko matatu. La kwanza, kompyuta ya ALFA ikifungua dirisha la Network ndani ya File Explorer, haimo seva hata moja ya BETA. La pili, `\\faili1` inarudisha kosa 53 (njia ya mtandao haikupatikana) ilhali `\\10.20.0.15` inafunguka hapo hapo. La tatu, waliofanikiwa kuingia wanaona folda ndogo bila shida, lakini wakifungua folda yenye mafaili mengi au wakianza kunakili, dirisha linaganda.

Tunayashughulikia mbalimbali kwa sababu vyanzo vyake ni mbalimbali. Jina kuonekana kwenye orodha ni jambo moja. Jina hilo kugeuzwa kuwa anwani ni jingine. Kuifikia anwani kwa poti inayotakiwa ni la tatu, na kukubaliwa na seva ukishafika ni la nne. Kila moja lina itifaki na poti zake (namba za milango, za TCP au UDP), na ukuta wa moto unaweza kupitisha matatu ukazuia la nne. Anayefungua poti kwa kubahatisha huishia na ukuta uliojaa matundu na tatizo lile lile.

Ingizo la kwanza: dirisha la Network

Orodha hii ina njia mbili za kujazwa, na zote mbili hazikuundwa kuvuka ruta.

Ya zamani ni huduma ya Computer Browser. Kila mashine hujitangaza kwa brodikasti ya UDP 138, yaani ujumbe kwa mashine zote za sabneti (kipande kimoja cha mtandao). Katika kila sabneti mashine moja huchaguliwa kutunza orodha, nayo hupatana na mtunza orodha mkuu wa kikoa, ambaye huwa ni kidhibiti cha kikoa (humu tutakiita DC) chenye jukumu la PDC (kidhibiti kikuu). Kwa kuwa brodikasti haivuki ruta, sabneti mbili haziwezi kuonana bila WINS (seva ya majina ya NetBIOS, mfumo wa zamani wa majina ya Windows) au faili la LMHOSTS la kueleza watunza orodha wako wapi. Kwa vikoa viwili, WINS za pande zote lazima zinakiliane kwa TCP 42, na UDP 137, UDP 138 na TCP 139 ziwe wazi. Ukuta ukibadilisha anwani njiani (NAT) hali huwa mbaya zaidi: pakiti ya NetBIOS hubeba anwani ya mtumaji ndani ya ujumbe wenyewe, na NAT ya kawaida hubadilisha ile ya nje tu.

Hata kila kitu kikienda sawa, orodha hiyo huchelewa. Mashine iliyotulia hujitangaza kila dakika 12, na ikizimwa haiondolewi mpaka ikose matangazo matatu, yaani dakika 36. Ongeza muda wa nakala kuwafikia watunza orodha wasaidizi, na mashine iliyokwisha zimwa yaweza kubaki dirishani karibu dakika 50. Kwa hiyo anayejaribu mabadiliko na kutazama dirisha baada ya dakika mbili hajapima chochote.

Kwa wanaolazimika bado kutunza mtandao wa namna hiyo, kosa tunalolikuta mara nyingi liko ndani ya LMHOSTS. Jina la kikoa lenye alama ya 1B lazima lijazwe nafasi mpaka herufi 15 kabla ya `\0x1b`. BETA ina herufi 4, hivyo nafasi ni 11:

```
10.20.0.11   dc1   #PRE #DOM:BETA
10.20.0.11   "BETA           \0x1b"   #PRE
```

Kisha `nbtstat -R` kupakia upya na `nbtstat -c` kuhakiki. Nafasi ikipungua moja tu, mstari haufanyi kazi na hakuna ujumbe wa kosa unaotolewa.

Sisi hatuendi huko. Computer Browser inategemea SMB1, toleo la kwanza la itifaki ya kushirikisha mafaili, na kuanzia Windows 10 toleo 1709 la mwaka 2017 upande wa seva wa SMB1 hausakinishwi tena kwa kawaida, na huduma hiyo huondoka nayo. SMB1 ndiyo iliyopitiwa na WannaCry Mei 2017. Kuirudisha ili tu aikoni zionekane dirishani ni biashara ya hasara.

Njia ya sasa ni WSD. Mashine hutuma matangazo ya kundi kwa UDP 3702 kwenda 239.255.255.250, na maelezo zaidi huchukuliwa kwa TCP 5357. Upande wa seva kazi hii hufanywa na huduma ya Function Discovery Resource Publication. Matangazo haya ni ya sabneti ya karibu. Ungeuondoa ukuta wa moto kabisa, ruta peke yake ingetosha kuyakomesha.

Uamuzi: dirisha la Network kutoonyesha BETA si hitilafu, na poti 137 hadi 139 zinabaki zimefungwa. Watumiaji watapewa mahali pengine pa kuvinjari, ila kwanza njia ya chini yake iwe salama.

Ingizo la pili: majina

`\\faili1` ni jina fupi. Kompyuta ya ALFA huliongezea kiambishi chake yenyewe na kuuliza faili1.alfa.test, ambayo haipo. Ikishindwa hujaribu LLMNR kwa UDP 5355 na brodikasti ya NetBIOS, zote za sabneti ya karibu, na mwishowe hutoa kosa 53. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuuliza jina kamili:

```
Resolve-DnsName faili1.beta.test
Resolve-DnsName -Type SRV _ldap._tcp.dc._msdcs.beta.test
```

Tunatumia Resolve-DnsName badala ya nslookup kwa sababu nslookup huenda moja kwa moja kwa seva ya DNS (inayogeuza majina kuwa anwani) bila kupitia akiba (cache) wala faili la hosts. Inaweza kukujibu vizuri huku Windows yenyewe ikiendelea kushikilia jibu la zamani.

Jina kamili la seva lilijibiwa. Rekodi za SRV, zinazoonyesha DC ziko wapi, ndizo hazikujibiwa, kwa sababu DNS ya ALFA ilikuwa na ukanda wa beta.test uliojazwa kwa mkono, wenye rekodi za A (jina kwa anwani) tano na hakuna kingine. Ukanda wa namna hii hudanganya: majina ya seva yanafanya kazi, ila DC hazipatikani, na mtu anaondoka akiamini DNS ni nzima. Tumeufuta na kuweka usambazaji wa masharti, yaani maswali ya beta.test yapelekwe kwa DNS ya BETA:

```
Add-DnsServerConditionalForwarderZone -Name beta.test `
  -MasterServers 10.20.0.11,10.20.0.12 -ReplicationScope Forest
```

Upande wa BETA umefanyiwa vivyo hivyo kuelekea alfa.test. Poti 53 imefunguliwa kati ya DC na DC tu, kwa UDP na TCP zote mbili. Majibu marefu ya SRV huhamia TCP, na kuifunga huleta hitilafu inayotokea leo na kesho isionekane.

Tungeweza pia kuongeza beta.test kwenye orodha ya viambishi kwa sera ya kundi (Group Policy) ili `\\faili1` ifanye kazi. Hatupendekezi. Siku ALFA itakaposimika seva yake iitwayo faili1, watumiaji wote watapelekwa kwingine bila kujua. Njia za mkato zote zinaandikwa kwa jina kamili.

Ingizo la tatu: kuipata DC ya upande wa pili

Baada ya DNS kutengemaa, amri hii kutoka kompyuta ya ALFA bado ilitoa kosa 1355, yaani kikoa hakipo au hakifikiki:

```
nltest /dsgetdc:beta.test /force
```

Kanuni za ukuta zilikuwa zimeruhusu LDAP (itifaki ya kuuliza saraka), lakini TCP 389 peke yake. Windows inapotafuta DC huitumia swali fupi la LDAP kwa UDP 389, na ni DC iliyojibu swali hilo ndiyo hutumika. Bila UDP 389, DC zote huhesabiwa kuwa zimekufa hata kama TCP 389 iko wazi. Test-NetConnection haliwezi kukuonyesha hili kwa sababu hupima TCP tu. Tumia PortQry, ambayo kwa poti hii hutuma swali halisi la LDAP na kusoma jibu:

```
portqry -n dc1.beta.test -e 389 -p udp
```

Kuna mtego mwingine hapo hapo. Kompyuta ya ALFA huanza kwa kuuliza DC za BETA zilizo katika tovuti (site, yaani eneo la mtandao ndani ya Active Directory, si ukurasa wa wavuti) yenye jina sawa na tovuti yake yenyewe. Isipokuwepo, hupewa orodha nzima ya DC za BETA, zikiwemo zile ambazo ukuta hauruhusu kuzifikia. Matokeo yake ni bahati nasibu: mara inafanya kazi, mara inachelewa. Dawa ni kuunda katika msitu wa BETA tovuti yenye jina lile lile la tovuti ya ALFA na kuiunganisha na DC mbili zinazoruhusiwa. Ni kazi ndogo, na inaondoa malalamiko mengi ya "leo polepole".

Ingizo la nne: Kerberos na poti 88

Ingizo hili ni refu kwa sababu ndipo kanuni nyingi za ukuta wa moto huandikwa kwa dhana isiyo sahihi. Dhana ni kwamba misitu ikiaminiana, DC huzungumza na DC, na mtumiaji huhitaji kufika kwenye seva ya faili tu. NTLM, njia ya zamani ya uthibitishaji, ndiyo hufanya hivyo: seva ya faili hupeleka uthibitisho kwa DC yake, nayo huupeleka kwa DC ya upande wa pili. Kerberos, njia ya uthibitishaji inayotumia tiketi, hufanya vingine. Kompyuta ya mtumiaji huiomba DC ya ALFA tiketi ya cifs/faili1.beta.test. DC hiyo haina mamlaka ya kuitoa, hivyo hutoa tiketi ya rufaa iitwayo krbtgt/BETA.TEST. Kisha kompyuta ile ile ya mtumiaji lazima iende yenyewe mpaka DC ya BETA, poti 88, ikaibadilishe kwa tiketi ya seva.

Kwa hiyo poti 88 inatakiwa kuwa wazi kutoka kompyuta zote za watumiaji wa ALFA kwenda DC za BETA. Kwenye ukuta wetu ilikuwa wazi kati ya DC na DC tu.

Hii pia inaeleza kwa nini anwani ya IP ilifunguka haraka na jina likasumbua. Ukiandika `\\10.20.0.15`, kwa mpangilio wa kawaida Windows haijaribu Kerberos, inakwenda NTLM moja kwa moja. Ukiandika jina kamili inaanza na Kerberos, inasubiri, inakata tamaa, ndipo inarudi kwenye NTLM. NTLM ikiwa imepigwa marufuku, haifunguki kabisa. "IP inafanya kazi" si ushahidi kwamba tatizo ni DNS.

Tulitazama kwenye ukuta wenyewe, kadi mbili kwa wakati mmoja, eth0 ikiwa upande wa ALFA na eth1 upande wa BETA:

```
tcpdump -ni eth0 'host 10.10.4.37 and (port 88 or port 445)'
tcpdump -ni eth1 'host 10.10.4.37 and (port 88 or port 445)'
```

Picha iko wazi ukijua mpangilio wake. Kwanza 445 kwenda 10.20.0.15: `[S]`, `[S.]`, `[.]` (ombi, jibu, uthibitisho), muunganisho umekamilika, na maongezi ya mwanzo ya SMB yanapita pande zote mbili. Halafu 445 inanyamaza. Kwenye eth0 inatokea `[S]` kwenda 10.20.0.11 poti 88, kimya, `[S]` ile ile tena, kimya, tena. Kwenye eth1 hakuna hata moja iliyotoka. Pakiti imeingia ukutani na haikutoka, kwa hiyo mzuiaji ni ukuta na wala si DC. Ingekuwa DC inakataa, tungeona `[R.]` ikirudi mara moja na kompyuta isingesubiri. Baada ya majaribio ya 88 kuisha, 445 inafufuka na kuendelea kwa NTLM.

Baada ya kufungua 88 kwa TCP na UDP, hakiki kwa mtumiaji aliyeingia kawaida:

```
klist purge
klist get cifs/faili1.beta.test
```

Unachotaka kuona ni tiketi tatu: krbtgt ya ALFA.TEST, krbtgt/BETA.TEST iliyotolewa na ALFA.TEST, na cifs/faili1.beta.test iliyotolewa na BETA.TEST. Ukiishia na mbili za kwanza na kosa 0xc000005e, rufaa imetolewa ila DC ya BETA haifikiki. Kwenye seva, tukio la 4624 la aina ya 3 litakuonyesha kama mtu aliingia kwa Kerberos au NTLM. Saa za pande mbili zisipishane zaidi ya dakika 5, la sivyo tiketi zitakataliwa hata poti zote zikiwa wazi.

Kama seva ina jina la pili, tuseme nyaraka.beta.test lililowekwa kwenye DNS kama CNAME, Kerberos kwa jina hilo haina uhakika mpaka jina lisajiliwe kwenye akaunti ya seva. `netdom computername faili1 /add:nyaraka.beta.test` husajili majina yanayotakiwa kwa mkupuo mmoja, na `setspn -X` huonyesha kama kuna yaliyosajiliwa mara mbili.

Kanuni tulizobaki nazo ukutani:

| Kutoka | Kwenda | Poti |
|---|---|---|
| Kompyuta za ALFA | DC za BETA | TCP na UDP 88, TCP na UDP 389, TCP 445 |
| Kompyuta za ALFA | seva za faili za BETA | TCP 445 |
| DC za pande zote | DC za pande zote | TCP na UDP 53, 88, 389, 464. TCP 135, 445, 3268, 49152–65535 |
| Seva za faili za BETA | DC za ALFA | TCP na UDP 88, 389. TCP 3268 |

Masafa ya 49152–65535 ni ya RPC (maombi ya huduma kati ya mashine), kuanzia Vista na Server 2008. Kabla ya hapo yalikuwa 1025–5000, na bado tunakuta kuta zenye kanuni za enzi hizo. Wasimamizi wa usalama wakiyaona mapana mno, huduma za NTDS na Netlogon zinaweza kufungwa kwenye poti maalumu kwa thamani za `TCP/IP Port` na `DCTcpipPort` kwenye rejista. Kwa DC nne tu, kanuni yenye anwani nne kila upande inatosha na haina thamani ya rejista ya kusahaulika wakati DC mpya inaposimikwa.

Ingizo la tano: dirisha linaloganda

Folda ndogo inafunguka, kubwa inaganda. Dalili hii karibu daima ni ukubwa wa pakiti. Maombi ya SMB ni madogo na hupita. Jibu lenye orodha ndefu hujaza pakiti nzima ya baiti 1500, haitoshei ndani ya handaki la IPsec, na ujumbe wa ICMP wa kumwambia mtumaji apunguze huzuiwa na ukuta. Mtumaji hurudia pakiti ile ile bila kujua.

```
ping -f -l 1472 10.20.0.15
ping -f -l 1372 10.20.0.15
```

1472 ilipotea kimya, 1372 ikapita. Ongeza baiti 28 za vichwa vya IP na ICMP: njia inabeba 1400. Tumefanya mambo mawili. Ukuta sasa unapitisha ICMP aina ya 3 msimbo wa 4, ambayo haikupaswa kuzuiwa tangu mwanzo. Pia unapunguza MSS (kiasi kikubwa zaidi cha data ndani ya pakiti moja) ya kila muunganisho mpya mpaka 1360, yaani 1400 kutoa 40 za vichwa vya IP na TCP:

```
iptables -t mangle -A FORWARD -p tcp --tcp-flags SYN,RST SYN \
  -j TCPMSS --set-mss 1360
```

Miunganisho iliyokuwepo haibadiliki, kwa hiyo ikate kwanza (`net use * /delete`) kabla ya kupima.

Ingizo la sita: faili2 ilikatika baada ya kuwashwa upya

Seva ya pili, faili2, ilikuwa inafikika vizuri. Ikawashwa upya baada ya masasisho, ikatoweka kwa ALFA peke yake. BETA waliendelea kuitumia. Ukuta wa katikati haukuguswa.

```
Get-NetConnectionProfile
```

Ilijibu Public badala ya DomainAuthenticated. Seva iliwaka kabla ya kuifikia DC, ikauchukulia mtandao kuwa wa umma. Ukuta wa moto wa Windows wenyewe una kanuni za kushiriki mafaili ambazo kwa profaili ya kikoa hukubali anwani yoyote, ilhali za Private na Public zikiwashwa hukubali sabneti ya karibu tu. Watu wa BETA walio sabneti moja na seva hawakuhisi kitu. Kuzima na kuwasha kadi ya mtandao kulirudisha profaili sahihi papo hapo, lakini tiba ya kudumu ni kutoiacha kanuni itegemee profaili. Tumeweka kwa sera ya kundi kanuni moja ya TCP 445 kwa profaili zote, ikitaja 10.10.0.0/16 na 10.20.0.0/16 waziwazi.

Ingizo la saba: umefika, lakini huruhusiwi

Yakibaki makosa baada ya hapo, ni ya ruhusa, na namba za makosa zinasaidia. Kosa 5 ni ruhusa za folda au za ushirikishaji. Kosa 1219 ni mtu aliyekwisha unganika na seva ile ile kwa akaunti nyingine. Kosa 1935 ni la kuangaliwa kwa makini: maana yake uhusiano wa kuaminiana umewekwa kwa uthibitishaji wa kuchagua, na kundi la watumiaji wa ALFA halijapewa ruhusa ya "Allowed to authenticate" kwenye akaunti ya seva husika ndani ya Active Directory ya BETA. Hakuna poti ya kufungua hapo.

Ukifungua ruhusa za folda na kukuta mistari ya S-1-5-21 (namba za utambulisho wa akaunti) badala ya majina ya watumiaji wa ALFA, usiifute. Seva huuliza DC yake, na DC yake huuliza DC ya ALFA kwa RPC. Mistari hiyo ni dalili kwamba RPC kati ya DC imekatika, au akaunti imefutwa kweli. `nltest /sc_verify:alfa.test` kwenye DC ya BETA itakuambia ni lipi la kuanzia. Na kama majina yanaonekana lakini dirisha la kuchagua watumiaji wapya haliipati ALFA, angalia mstari wa mwisho wa jedwali la juu.

Ingizo la nane: mahali pa kuvinjari

Badala ya orodha ya seva, watumiaji wanapata mti mmoja wa DFS (mfumo unaokusanya folda za seva mbalimbali chini ya jina moja): `\\beta.test\pamoja`. Wanafungua mahali pamoja na kuvinjari folda kwa majina ya kazi, bila kujua ziko seva ipi. DC za BETA ndizo hutoa rufaa za DFS kwa SMB, ndiyo sababu TCP 445 imo kwenye mstari wa kwanza wa jedwali.

Kitu kimoja lazima kifanyike kabla ya kuunda mti. Kwa kawaida DFS hurudisha majina mafupi ya NetBIOS ya seva zinazobeba mzizi, na majina hayo, kama tulivyoona kwenye ingizo la pili, ALFA haiwezi kuyatafsiri. Mti unaonekana, ukibonyeza unapata kosa 53. Kwa kila seva ya mzizi:

```
Set-DfsnServerConfiguration -ComputerName faili1.beta.test -UseFqdn $true
Restart-Service Dfs
```

Mzizi uliokwisha undwa haubadiliki kwa amri hii peke yake. Ufutwe na kuundwa upya. Malengo ya folda nayo yaandikwe kwa majina kamili, kwa kuwa DFS huyarudisha kama yalivyoandikwa. Wakati wa kupima kumbuka akiba: rufaa za mzizi hukaa sekunde 300 na za folda sekunde 1800. `dfsutil cache referral flush` huisafisha, na `dfsutil cache referral` huonyesha jina halisi lililorudishwa, likiwa fupi au kamili.

Kwenye mizizi na folda zote tumewasha uorodheshaji unaofuata ruhusa, hivyo mtu haoni folda asiyoweza kuifungua. Simu za "naona lakini inakataa" zimekoma.

Yaliyobaki: printa

Printa za BETA bado hazijakamilika. Kuzitafuta kwenye saraka hakusaidii, kwa sababu utafutaji wa kawaida hauvuki msitu. Zitasambazwa kwa sera ya kundi ya ALFA kwa njia kamili, mfano `\\chapa1.beta.test\ghorofa2`. Kompyuta zenye Windows 10 zinachapa kwa TCP 445 iliyopo. Zenye Windows 11 toleo la 22H2 na kuendelea zinashindwa, kwa sababu uchapaji umehamia RPC juu ya TCP na unahitaji poti 135 pamoja na poti ya juu isiyotabirika. Hatutafungua masafa yote kwa kompyuta za watumiaji. Mpango ni kuifunga huduma ya uchapaji ya chapa1 kwenye poti moja kwa sera ya "Configure RPC over TCP port", kisha kuongeza ukutani 135 na poti hiyo tu. Madereva yatasakinishwa mapema na wasimamizi, kwani tangu masasisho ya Agosti 2021 mtumiaji wa kawaida hawezi kuyachukua kutoka seva ya printa. Jaribio litafanywa na kompyuta mbili za matoleo tofauti, tcpdump ikiwa wazi kwenye kadi zote mbili za ukuta.